Taa ya Buluu ya Saa Nne

Jumatatu, 3 Machi
Siku imeanza vibaya. Fundi Tai kaja stoo yangu ya chai, kakata mkate wangu bila kuomba, kisha kanitangazia kwamba seva nzee inang'olewa Ijumaa. Inang'olewa! Kama jino bovu. (Namwita Tai kwa sababu haivui ile tai yake hata akiwa anatambaa chini ya meza.)

Nikamuuliza imekosa nini. Akasema imezeeka, Bibi. Nikamwambia hata mimi nimezeeka na bado kila asubuhi anaifuata chai yangu. Akacheka. Mimi sikucheka.

Seva ile aliilea mume wangu. Miaka kumi na tisa tumefanya kazi ofisi hii hii ya maji, yeye fundi wa mashine, mimi mpiga deki. Ndani ya seva mna kompyuta nyingine, ndogo, kazi yake kuisimamia ile kubwa. Inaipima joto, inailaza, inaiamsha. Yenyewe hailali, hata kubwa ikizimwa. Mafundi wana jina refu la kuiita. Mimi naiita Yaya.

Unaongea na Yaya kwa kuandika. Amri moja, mstari mmoja. Ukikosea herufi anakufokea hapo hapo. Hivyo ndivyo nilivyojua kusoma na kuandika, maana shule nilikuwa naipita tu kwa nje na ndoo kichwani. Mume wangu alinikalisha mbele ya kibodi nikiwa na miaka hamsini na sita. Akasema mke wangu, watu watakuonea aibu kukusahihisha, Yaya hana aibu.

Mwaka wake wa mwisho alikuwa kitandani nyumbani, laptopu juu ya tumbo. Mimi kazini. Kila saa nne asubuhi alimwamuru Yaya awashe taa ya buluu iliyo usoni mwa seva. Mara tatu. Maana yake: nipo, dawa nimekunywa, usiniwazie. Nikishaiona, naendelea na deki yangu.

Siku moja haikuwaka.

Haing'olewi. Nimesema.

Jumanne, 4 Machi
Nina mpango! Seva ikionekana ina kazi, nani atathubutu kuigusa? Basi taa ya buluu itawaka tena, mbele ya macho ya Tai.

Laptopu ya marehemu nimeileta ndani ya kapu, chini ya vitambaa vya kufutia. Nimeichomeka kwenye tundu la mtandao la ukutani nyuma ya rafu ya vikombe, alilonionyesha mwenyewe. Juu nimefunika sinia tatu. Neno la siri ni lile lile: kisirani. Ndiyo jina aliloniita siku tuliyojuana, nilipomtimua na ufagio kwa kukanyaga sakafu mbichi. Akaniita hivyo mpaka mwisho. Sikuwahi kumsikia mtu akilitamka tamu vile.

Habari nyingine njema. Chumba cha mashine kina seva kumi na moja, zote sura moja, na vibandiko vya majina vimefutika. Tai analia hajui nzee ni ipi, itabidi azime moja moja, kazi ya siku tatu. Anauliza nani kafuta vibandiko. Nikajitia hamnazo. Sabuni yangu ni kali, ndiyo, lakini rafu zinang'aa.

Jumatano, 5 Machi
Balaa!

Daftari la amri la marehemu (naandika haya kurasa zake za nyuma) lina doa la chai pale kwenye amri za taa. Nikaandika mstari wa chini yake. Ulikuwa wa kulaza mashine. Yaya, mtiifu wa watu, akailaza.

Simu zikalia zote. Dirishani foleni ya kulipia maji ikapiga kelele. Tai akakimbia kwenye korido, tai imemrukia begani. Nikamwandikia Yaya aiamshe. Nilikosea mara mbili, akanifokea mara mbili, ya tatu akaitika. Tai alipofika chumbani zote kumi na moja zilikuwa zinanguruma kama hakijatokea kitu. Akadhani yeye ndiye aliyeharibu. Nikampa chai ya sukari nyingi na nusu nzima ya mkate. Dhambi zangu nazilipa kwa njia hiyo.

Meneja kasema Ijumaa ni mbali. Inatolewa kesho.

Alhamisi, 6 Machi
Nimefika mapema kuliko mlinzi, daftari nimelimulika mpaka amri iliyo chini ya doa ikasomeka. Safari hii sikuandika amri moja moja. Nimetengeneza skripti, kama alivyonifundisha: amri zote unazipanga kwenye faili moja, halafu mashine inazisoma yenyewe, mstari kwa mstari, saa uliyoipangia, hata wewe ukiwa unaosha vikombe. Kila siku, saa nne, taa mara tatu. Saa nne ndipo Tai huingia chumbani, akishamaliza chai.

Akaingia na wapagazi wawili. Mimi nikafuata na ndoo, kama kawaida. Akasimama katikati, anakuna kichwa, haoni pa kuanzia.

Saa nne. Buluu. Buluu. Buluu.

Miaka mitatu sijaiona.

Tai akaruka kwa furaha! Akawaambia wapagazi ndiyo hiyo hiyo, ishikeni. Nikauliza kwa nini hiyo, si inafanya kazi? Akanieleza kwa upole, kama mtu anayemwogesha mtoto, kwamba taa ile iliwekwa kwa kazi moja tu. Fundi aliye mbali akitaka mashine fulani itolewe, anaiwasha ili aliye chumbani ajue ni ipi. Sijui nani kaniwashia, Bibi, lakini Mungu ambariki.

Nikakaa juu ya ndoo. Wakaipitisha mbele yangu, nyaya zinaburuzika. Tai akaniuliza mbona machozi. Nikamwambia dawa ya sakafu.

Kumbe mwaka mzima ule mume wangu alikuwa anasema: mimi ndiye huyu, nipo hapa.

Ijumaa, 7 Machi
Nimeungama yote, isipokuwa laptopu na skripti, hakuniuliza. Siwezi kumwona mtu anamshukuru Mungu kwa upumbavu wangu. Tai akaisahau chai yake ikapoa. Kisha akafoka: Bibi, ungeangusha maji ya mji mzima! Nikasema ningemwamsha Yaya. Akasema hilo ndilo linalomtisha.

Lakini baadaye alirudi na kipande cha uso wa ile seva, kimefunguliwa skrubu nne, taa ndogo imo ndani. Akaniwekea mkononi, akageuka haraka, anajifanya anaitwa. Kijana wa watu. Na bado anatoka nyumbani bila kula.

Nimemwapia kwa kaburi la mume wangu: sitaigusa tena mashine yoyote ya ofisi.

Jumatatu, 10 Machi
Saa nne. Napiga deki mbele ya seva mpya. Buluu. Buluu. Buluu.

Nikaiegemeza deki ukutani, nikahesabu: tatu.

Tai kaja mbio. Anasema haiwezekani, hii ndiyo kwanza imefungwa! Nikamdadisi polepole. Kumbe Yaya wa mpya kampa anwani ya Yaya wa zamani, na neno la siri lile lile, eti alikuta kila kitu kinalitegemea akaogopa kulibadilisha. Hajui hata maana yake. Kwa hiyo kila asubuhi anayeshika mashine za ofisi hii anaanza kwa kuandika jina langu!

Akaniuliza, Bibi, kuna kitu unakijua? Nikamwambia anywe chai.

Kiapo changu hakijavunjika. Mimi sikugusa kitu. Iliyogusa ni skripti.

Nimeinua sinia nikaipapasa laptopu. Ina joto, maskini, imefanya kazi siku zote hizi peke yake. Kesho nitaiongezea mistari miwili tu, ili taa iwake pia saa mbili, nikumbuke mkate wa Tai, anayetoka nyumbani bila kula. Mistari miwili haiwezi kuharibu kitu.

Mistari nimeshaichagua daftarini; doa la chai nimeliruka, nadhani.