Nimeteuliwa Kulinda Simu ya Kitinda

Jumamosi, 4 Januari

Siku mbaya kuliko zote. Kitinda kapata simu.

Tena si ya vitufe. Ya kioo! Ina kamera mbele na nyuma, utadhani sura yake haitoshi upande mmoja. Baba aliituma kwa dereva mwenzake wa malori, imeviringishwa ndani ya fulana isivunjike. Mdogo wangu ana miaka kumi na moja. Mimi nina kumi na minane, nimemaliza shule, na sina hata kava.

Nilimuuliza Mama, kwa upole, kama labda zilitumwa mbili na moja ikadondoka njiani. Mama hakuinua macho kwenye cherehani. Akasema Kitinda anaanza shule ya mbali, lazima ijulikane alipo. Mimi nashinda na Mama nyumbani, nani atanitafuta?

Nani atanitafuta! Maneno hayo nimetembea nayo mchana kutwa.

Jioni likaja pigo lenyewe. Kila jioni Baba hupiga simu ya Mama, na kwa kuwa mikono ya Mama huwa imejaa vitambaa, mimi ndiye hupokea. Sisemi mengi. Namuuliza amefika wapi, ananiambia. Nanyamaza, naye ananyamaza. Tunasikilizana tu. Ni dakika zangu hizo, hakuna mwingine anayezitaka. Leo kampigia Kitinda! Kwa picha! Kitinda akamwonyesha jino linalotikisika, paka, kisha dari. Zamu yangu ilipofika, chaji ikaisha.

Jumapili, 5 Januari

Mambo yamegeuka! Mama kasema simu ya mtoto haiachwi hivi hivi, wateja wamemsimulia ya kutisha. Iwekewe ulinzi. Na nani? Na mimi, msomi wa nyumba.

Nilijikaza nisitabasamu. Nikasema nitaifanya kazi hiyo kwa moyo wote.

Programu yenyewe inataka simu mbili, ya mzazi na ya mtoto, ziunganishwe. Nikazilaza juu ya meza ya kukatia vitambaa, nikajiona daktari. Simu ya Mama ikauliza: Mzazi au Mtoto? Nikafikiri sana. Nikabonyeza Mtoto, maana mtoto ndiye anayelindwa. Simu ya Kitinda nayo ikauliza vilevile. Nikabonyeza Mzazi, maana mzazi ndiye aliyeinunua. Mtu mwenye papara angekosea hapo.

Kisha sheria, nikaziingiza kwenye simu ya Kitinda mwenyewe. Matumizi, nusu saa kwa siku. Muda wa kulala, kuanzia saa kumi na mbili jioni, na anayepiga akataliwe. (Baba hupiga saa moja. Sina nia mbaya. Watoto wanahitaji usingizi.)

Nywila ya kubadili sheria ninaijua peke yangu. Kitinda aliuliza ninamfanyia nini. Nikamwambia ni kwa sababu nampenda.

Jumatatu, 6 Januari

Ajabu! Kitinda kapiga picha za paka jioni nzima na simu haikumfungia hata kidogo. Iliyoharibika ni ya Mama.

Alikuwa akimpima mteja wetu mkubwa, mwalimu mkuu mstaafu, ambaye mtaa mzima humwita Madamu. Mshono aliouchagua umo kwenye picha ndani ya simu ya Mama. Mama akaifungua, ikamwandikia: Muda wako wa leo umekwisha, nenda ukacheze nje. Madamu, kasimama na pini kiunoni, akaomba asomewe tena.

Nikasema ni mtandao. Nikisema kwa sauti ndogo huwa naaminiwa.

Saa moja Baba kapiga. Kwa Kitinda tena! Wakacheka mpaka jino likatoka. Niliitwa nikamsalimie, ila nilikuwa nimeshasema kichwa kinaniuma, na nikaona aibu kupona haraka hivyo.

Tiba ni ukali. Nimeichukua simu ya Kitinda eti niifute kioo, nikaishusha nusu saa kuwa robo.

Jumanne, 7 Januari

Sielewi kinachoendelea humu ndani. Simu ya Mama ikijifunga, Mama humwita Kitinda. Kitinda anabonyeza kitu kwenye simu yake, na ya Mama inafunguka. Mama kamtangaza kwa wateja wote kwamba huyu mtoto ana mkono wa simu. Akaongeza kwamba dada mtu kasoma miaka yote ile na hata kuiwasha hawezi.

Mbele ya wateja!

Leo Kitinda alimuuliza kwanza kama kamaliza kushona sare yake ya shule. Mama akacheka, akasema, "Bado, mama, nisamehe." Akaketi akaimaliza. Kisha akafunguliwa. Mimi nimemwomba Mama anipunguzie sketi tangu mwezi uliopita.

Nimefuta kioo tena. Dakika tano. Usingizi uanze mchana. Tuone sasa ataonyesha nini kwa nani.

Jumatano, 8 Januari

Balaa.

Madamu kaja akiwa amefura. Kampigia Mama tangu mchana kumwambia shughuli yake imesogezwa mbele, anakataliwa tu. Akasema hajawahi kukatiwa simu na fundi maishani mwake. Akakunja kitambaa chake, akavuka barabara nacho mpaka kwa yule fundi mwenye bango la taa. Mama akabaki na futi yake ya kupimia shingoni.

Kitinda, karudi kutoka shule wakati huohuo, akasema kwa huruma kwamba labda ni kwa sababu Mama amelala. Mama akauliza nani kalala. Kitinda akatuonyesha simu yake. Picha ya Mama, ya ile harusi ya shangazi, na chini yake maandishi: Mtoto wako analala.

Mama akaisoma taratibu. Akanigeukia taratibu zaidi.

Kitinda akasema alijua tangu Jumatatu. Alidhani ndivyo tulivyopanga wakubwa, halafu Mama mwenyewe alikuwa mtiifu, hakuona sababu ya kumsema.

Nilitamani ardhi inimeze pamoja na cherehani.

Saa moja Baba akapiga kwa Kitinda, na safari hii nikasukumiwa simu. Uso wake umejaa kioo kizima. Akaniuliza kama nina hasira naye. Nikasema hapana, kwa nini? Akasema Jumamosi alimpigia Kitinda kuhakikisha simu imefika nzima. Lakini tangu Jumapili, kila jioni anaanza na simu ya Mama, kama kawaida yetu, na inamkataa. Ndipo humgeukia Kitinda. "Nikasema, basi, mkubwa wangu kanichoka."

Nilijibu kwamba kulikuwa na tatizo la kiufundi. Kisha nikaielekeza kamera darini, maana macho yangu hayakuwa ya kuonyeshwa mtu. Akanyamaza. Nami nikanyamaza. Ndiyo yalikuwa mazungumzo mazuri kuliko yote ya wiki hii.

Ijumaa, 10 Januari

Jana nilipelekwa kwa Madamu kuomba radhi. Sauti yangu ilikuwa ndogo mno akanifanya nirudie. Nilipofika kwenye "nenda ukacheze nje" akacheka mpaka akakaa. Kitambaa kimerudi. Nywila nimeitoa, Kitinda kazigeuza simu mwenyewe, kufumba na kufumbua, na sasa yeye ndiye mtoto. Kisheria.

Nimejirekebisha kabisa. Wivu ni jambo la kitoto, nami sina tena.

Leo saa moja simu ya Mama ikalia, nikapokea. Nikamuuliza Baba amefika wapi, akaniambia ghalani. Tukanyamaza vizuri. Mara nikasikia kicheko nyuma yake. Cha msichana! Nikauliza ni nani. Baba akasema ni karani mpya wa ghala, rika langu, mchangamfu ajabu, humpigia asubuhi kumjulisha mzigo ulipo. Ana bidii, akasema, utampenda.

Kila asubuhi!

Baba anarudi kesho. Nimekumbuka kwamba simu yake haina ulinzi wowote. Mtu yeyote anaweza kumpigia, saa yoyote anayotaka, hata wenye bidii. Si salama kwa mtu wa umri wake. Akienda kuoga nitaifuta kioo.

Mama na Kitinda nitawaruhusu. Nusu saa.