Ada ya Kuchelewa, Nyumba ya Miyuji

Jumatatu, 16 Machi
Nimegundua mgodi! Wageni wote wanaopanga nyumba yangu ya Miyuji kwa siku mbili tatu huchelewa. Mara basi limeharibika, mara kikao kimerefuka. Mimi nawasubiri bure! Basi, kuanzia leo, anayeingia baada ya saa kumi na mbili jioni analipa elfu ishirini. Tangazo nimelibandika getini. Mke wangu Anjelina kauliza kama wageni wataambiwa kabla ya kulipia nyumba. Nikamwambia wakijua watawahi, sasa sisi tutakula nini?

Jumanne, 17 Machi
Mgeni wa kwanza, saa moja kasoro! Mzee Ibrahimu wa Kondoa. Kabla sijataja ada, mdomo ukajisemea wenyewe shikamoo. Akaitikia marahaba mwanangu, akauliza wazazi, watoto, mvua, akanipa chupa ya asali. Ukishaitwa mwanangu, elfu ishirini unaidai vipi? Nikaishia kumchemshia maji ya kuoga. Loo! Kosa ni salamu. Kuanzia sasa pesa kwanza, salamu baadaye.

Alhamisi, 19 Machi
Bi Batuli, mama mtu mzima, kachelewa dakika arobaini. Safi! Nikafunga mdomo kabisa, nikawa namwonyesha tangazo kwa kidole. Hakuwa na miwani. Akamuuliza Anjelina kama nilizaliwa bubu au ni maradhi ya ukubwani. Akanishikisha elfu tano ya matibabu. Nimepokea, ningesemaje? Anjelina kacheka hadi kakaa chini. Nimebaki bubu mpaka mgeni alipoondoka.

Ijumaa, 20 Machi
Mungu mkubwa! Kesho anakuja Violeth, karani wa Bunge, alale usiku mmoja aikague nyumba. Akiridhika, yeye na wenzake wanne wataipanga bunge lote la bajeti. Miezi mitatu! Paa linalovuja chumbani kwetu naliezeka upya. Na Mama Sabrina wa ng'ambo ya barabara, mwenye nyumba ya wageni kama yangu, atanikoma! Tatizo moja tu: Violeth anashuka stesheni saa kumi na moja. Atawahi! Ada iponyoke hivi hivi? Nimempigia Geofrey wa bodaboda. Ampokee, amzungushe kidogo, amfikishe saa kumi na mbili na robo. Akili hii nimeitoa wapi jamani!

Jumamosi, 21 Machi
Geofrey kazidisha. Kamzungusha hadi Nzuguni, pembezoni kabisa mwa mji, pikipiki ikaisha mafuta hukohuko. Violeth kafika saa moja, vumbi hadi kwenye kope. Kaniamkia vizuri. Nikaitikia marahaba, nikamwonyesha tangazo. Kalipa palepale! Nilitaka kuruka. Ndipo Geofrey akamwomba radhi, eti dada nisamehe, mimi nilitumwa tu. Mjinga yule!  Violeth kabeba begi, kavuka barabara. Mama Sabrina kampokea kwa maji ya kunawa na ugali kwa mlenda. Hakurudi.

Jumatatu, 23 Machi
Wote watano wamepanga kwa Mama Sabrina. Anjelina kapata kazi ya kuwapikia. Haniiti tena Baba Charles, ananiita mwenye tangazo. Jana mvua imenyesha, tumelala na beseni katikati ya kitanda. Imeniuma, sifichi. Nimekaa kutwa nikijiuliza nilikosea wapi. Na nimepaona! Violeth alikuwa wa kuondoka Jumapili saa nne asubuhi. Kaondoka Jumamosi jioni, na sikumtoza hata senti! Ada ya kuondoka mapema: elfu thelathini. Navaa viatu, navuka sasa hivi, nimkute mezani na wenzake wote.