Sisimizi Wanapanda Mlima Bila Kibali

Kwa Msimamizi wa Hifadhi ya Mlima,
Ofisi ya Juu, kwenye baridi.

Ndugu Msimamizi,

Salamu kwanza, ugomvi baadaye. Mimi ni mfuga nyuki wa huku chini, yule mzee uliyemkuta amekalia kibao chako cha "Usikae Hapa". Kibao hakikuvunjika. Nakuandikia kwa heshima zote, na zikipungua katikati, tafadhali jazia mwenyewe.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Wale sisimizi wadogo wa manjano, waliokuja na malori ya mbao kutoka mbali, wamemaliza bonde na sasa wanapanda mlima. Kwenye mizinga yangu wamekula asali, wamekula watoto wa nyuki, na nyuki wenyewe wamehama bila kuniaga. Umebaki mzinga mmoja. Mama watoto analalamika kwamba naongea nao kuliko ninavyoongea naye. Ni kweli, ila mzinga hauniulizi nimetoka wapi.

2. Sisimizi hao hupita getini kwako mchana kweupe, kwa mstari, bila kibali. Mimi niliyezaliwa hapa chini naulizwa kibali, tena na picha mbili.

3. Hapo getini umeweka beseni la dawa na brashi, kila mtu asafishe viatu asije akapandisha wadudu. Sawa, sibishi. Lakini mlinzi uliyemweka ni mkwe wangu, amemwoa binti yangu wa pili. Juzi ilimbidi aniambie, "Shikamoo baba. Samahani baba. Naomba uvue viatu, baba." Sote wawili tukatazama pembeni. Akavisugua kwa mikono yake mwenyewe mpaka soli ya kushoto ikabanduka. Wakati huo sisimizi mmoja alikuwa juu ya mpini wa brashi, anatutazama. Yeye hakusuguliwa.

4. Mtaalamu wako wa wadudu alikuja na kioo chake cha kukuzia, akawapa sisimizi jina refu kuliko langu na la baba yangu yakiungwa pamoja, akawapiga picha, akaondoka. Mzinga wangu hata hakuusalimia.

5. Kwa hiyo naomba moja kati ya mawili. Ama sisimizi nao wavue viatu, miguu yote sita, au mimi niandikishwe rasmi kuwa sisimizi ili nipite na mzinga wangu. Kutembea kwa mstari naweza. Kubeba mzigo unaonizidi nimezoea, nina wajukuu. Watu wakiushangaa urefu wangu, waambie ni aina mpya. Mtaalamu atafurahi, na safari hii hatahitaji kioo.

Ndugu Msimamizi, utani kando. Nyuki waliobaki ni wa kizazi kile kile alichofuga babu yangu, na huku chini hawamalizi mvua hizi. Mahali pekee ambapo sisimizi hawajafika ni hapo juu, kwenye bustani ya ofisi yako. Niruhusu niuweke mzinga nyuma ya tangi la maji. Hapo watapona, mradi tu asitokee mpumbavu wa kuwapandisha wale wadudu.

Nisalimie karani, mpishi, na dereva wako ambaye hunipita kwenye mvua akinipungia mkono.

Wako mtiifu, kadiri magoti yanavyoruhusu,
Mzee wa Mizinga

Tanbihi: Naongeza haya nikiwa getini, pekupeku. Mama watoto amekutumia mche wa waridi ili moyo wako ulainike. Umo kwenye kopo la rangi, na udongo wake wa hapa kwetu nyumbani. Dereva atakuletea pamoja na barua. Mkwe alitaka kuchungulia ndani ya kopo, nikamwambia ni mzigo wa mama mkwe wake, akaona haya, akaufunika vizuri na kuupitisha. Mche huo uupande leo leo. Ukiona vidudu vya manjano vinatoka kwenye udongo, usijisumbue. Ni vya nyumbani, tumevizoea. Kopo likung'ute tu hapo nyuma ya tangi la maji.