Kisima Kije Kwangu

Jumatatu, 7 Julai

Amekuja! Yule mtaalamu wa maji ya chini ya ardhi tuliyeahidiwa tangu mwaka juzi. Tulitegemea bwana mwenye tai na kitambi. Ameshuka mama mtu mzima, mabuti miguuni, sanduku la mashine mkononi. Bi Koleta, mjiolojia.

Mwenyekiti wetu wa kitongoji, Mzee Anderson, ametangaza kwamba mama atapima sehemu tatu. Nyuma ya nyumba yangu. Kwa jirani yangu Fortunata. Na kule korongoni, karibu na boma la Moringe. Kisima kitachimbwa kimoja tu.

Lazima kiwe kwangu. Sasa hivi natembea saa nzima hadi bomba la barabarani, Meki mgongoni, dumu kichwani. Meki ana miezi tisa na anazidi kuwa mzito, Mungu amlinde. Jana jua limemchoma mpaka pua imebambuka. Pua yenyewe ndogo kama harage! Nimemwahidi kisima. Na mtoto ukishamwahidi, umeahidi.

Mpango: makande. Mtu aliyeshiba kwako hawezi kukunyima maji.

Jioni. Makande yamekubalika, mama kaongeza mara mbili. Lakini Fortunata kachinja jogoo! Halafu kaja kuniazima sufuria kubwa, eti jogoo wake haenei kwenye lake. Nimempa, nikanuna. Bi Koleta kala kote, kashukuru kote, kasema mashine yake haili chochote.

Jumanne, 8 Julai

Msaragambo, kazi ya pamoja ya kufyeka njia ya waya wa kupimia, kila nyumba mtu mmoja. Mume wangu Loth yuko Same mjini na bodaboda yake, kwa hiyo nimekwenda mimi na Meki. Nikajibana karibu na Bi Koleta niibe ujuzi. Fortunata kaniuliza mbele za watu, shoga, umekuja kufyeka au kubeba mkoba wa mama? Nimeubeba mkoba.

Leo kapima kwa Fortunata. Anapigilia vyuma ardhini kwa nyundo, anaviunga kwa waya, anapitisha umeme wa betri. Kanieleza kwa upole kama mwalimu wa darasa la pili. Umeme ukipita kwa shida, chini ni mwamba mkavu. Ukipita vizuri, kuna maji. Miaka thelathini na mmoja anafanya hivyo! Alianza akiwa binti, mwanamke peke yake kwenye kambi ya wanaume kumi na wawili. Tambarare yote hii ya chini ya milima kaitembea. Kuna vijiji alipokewa kwa vigelegele. Kimoja alitolewa mbio, kisima kilitoka kikavu. Hicho anakiota mpaka leo.

Halafu nikaona jambo. Kila chuma, kabla ya kupima, anakimwagia maji kidogo ya chupa. Nikauliza ni maji gani. Ya chumvi, mwanangu, kasema, ardhi kavu haishiki umeme, chumvi inasaidia. Akaendelea kwamba lakini, sasa, nisikilize kwa makini… Hapo Meki akalia njaa. Nikaenda kumnyonyesha kivulini, hayo mengine sikuyasikia. Nilichotaka nilikuwa nacho.

Yeye ana chupa moja. Mimi nina madumu manne!

Jumatano, 9 Julai

Alfajiri. Nimeyamwaga yote manne nyuma ya nyumba, maji yetu ya siku mbili. Na chumvi yote ya jikoni. Na pakiti sita za dukani. Muuza duka kauliza kama naanza biashara ya samaki. Nimesema ndiyo.

Saa mbili asubuhi. Balaa! Ng'ombe wa Moringe walikuwa wanapita kwenda malishoni. Wa kwanza kanusa. Kasimama. Kalamba. Wote wakageuka! Ng'ombe arobaini wanalamba uwanja wangu kama sahani. Nimepiga kelele, nimepunga kanga, Meki mgongoni anashangilia. Moringe kaegemea fimbo yake, kanishukuru sana. Siku hizi, kasema, watu wanaomkumbuka mfugaji ni wachache.

Bi Koleta kafika. Kawatazama ng'ombe. Kaitazama ardhi. Kanitazama mimi. Nikasema shikamoo. Kaitikia marahaba, kaanza kugonga vyuma.

Umeme ulipita kama umepakwa mafuta! Nikaimba moyoni. Kumbe mama kashika kalamu nyekundu. Mzee Anderson kauliza kulikoni. Bi Koleta kajibu kwamba umeme ukipita kirahisi kupita kiasi, hayo si maji ya kunywa, ni maji ya chumvi. Kesho atamalizia kwa waya mrefu, na ikiwa hivi hivi, hapa hapachimbwi. Fortunata kasema "pole, mama Meki" kwa sauti iliyojaa sukari.

Ndiyo hayo mengine ambayo sikuyasikia!

Jioni Loth karudi kutoka Same, kalalamika makande hayana chumvi. Nimemwambia ni ushauri wa kliniki.

Alhamisi, 10 Julai

Nikisema ukweli, aibu. Nisiposema, kisima kinakwenda kwa Fortunata na Meki anabambuka hadi masikio. Nimesema. Lakini kwanza nimemshikisha Bi Koleta mtoto, maana mtu hawezi kukufokea huku amepakata mtoto wako.

Bi Koleta kacheka mpaka machozi. Kasema alijua tangu alipowaona ng'ombe. Kazini kwake amekuta magunia yaliyolowa yamefukiwa, amekuta sumaku, hata redio. Ila wa chumvi ni mimi wa kwanza. Nimejisikia fahari kidogo.

Kisha akavuta waya mrefu, ule unaosoma chini kabisa. Chumvi yangu imeishia kina cha kiwiko. Baada ya hapo, mwamba. Mwamba mtupu hadi waya umeisha. Maji hakuna, ya chumvi wala matamu. Nimelia. Kanifuta kwa pindo la kanga yangu mwenyewe, akasema ardhi haijali umepika nini wala wewe ni nani, na ndiyo maana ameipenda miaka yote hii. Mimi sikuona cha kupenda.

Nikauliza, na kwa Fortunata je? Mwamba vilevile!

Jogoo bure. Nikapata nafuu.

Ijumaa, 11 Julai

Korongoni maji yapo! Matamu, kama mita sitini chini. Robo saa tu kwa miguu. Nimehesabu hatua, Fortunata ananizidi ukaribu kwa hatua arobaini. Nimerudia kuhesabu zangu kwa hatua ndefu. Bado.

Bi Koleta kaondoka. Kambusu Meki kwenye pua. Kaniambia nina akili, tatizo naondoka kabla maelezo hayajaisha. Nimeapa mbele yake, nimeshika tumbo la Meki: sichezei tena vipimo vya mtaalamu yeyote.

Jumapili, 13 Julai

Baada ya ibada Mzee Anderson katangaza. Kisima kitakuwa korongoni, na tangi huko huko juu ya mnara. Ila bomba la kuchotea litasogezwa huku kwenye makazi! Jumanne anakuja fundi mwenye darubini ya miguu mitatu kuchagua mahali. Maji yatateremka yenyewe, kwa hiyo anatafuta palipo chini. Akaanza kueleza na jambo lingine, lakini nilikuwa nimeshatoka.

Palipo chini! Uwanja wangu umeinuka kidogo tu. Kidogo sana! Mtu mmoja mwenye bidii anaushusha kwa siku mbili.

Jembe langu limevunjika mpini, nimeazima la Fortunata. Nimemwambia napanda migomba. Kanipa, ila kasisitiza nilirudishe kesho mapema, na yeye anapanda migomba.

Migomba, kwa ukame huu! Watu wengine hawana akili.