Ombi la Kurudishiwa Huzuni ya Mkamwana

Kwa Daktari wa Matumbo,
Zahanati ya ghorofani, juu ya duka la miwani.

Mheshimiwa Daktari,

YAH: KUOMBA MKAMWANA WANGU ARUDISHWE ALIVYOKUWA

Pokea salamu za heshima. Nakuandikia nikiwa na akili timamu, na hasira nimeziweka kando ili mwandiko usiharibike. Mimi ni yule mama mwenye duka la mikate, niliyeketi kwenye benchi lako nimepakata pochi, siku ulipomwita mke wa mwanangu ndani na mimi ukaniambia ningoje nje. Hilo nimeshalisamehe. Sijalisamehe sana, ila silo lililonifanya nishike kalamu.

Utakumbuka kwamba tulimleta kwako kwa sababu ya tumbo. Lilikuwa linamjaa, anakonda, na choo chake hakikuwa na adabu. Hatukumleta kwa sababu ya huzuni. Huzuni yake tulikuwa tumeizoea, na nyumbani ilishapata mahali pake kama kabati. Wewe ukampima damu, ukamwingiza ule mpira wenye taa, ukasema mwili wake unagombana na gluteni, kitu kilichomo ndani ya ngano. Mpaka hapo sikuwa na neno. Lakini, kama alivyotusimulia alipotoka, ukaongeza, wala hukuulizwa, kwamba kwa baadhi ya watu ugonjwa huu hauishii tumboni. Ukasema unaweza kumletea mtu uchovu, wasiwasi, ukungu kichwani, hata huzuni nzito, na kwamba akiacha ngano kabisa, huenda na hayo yakapungua polepole.

Daktari, yamepungua. Hayo ndiyo malalamiko yangu.

Ili tuelewane, nikueleze nyumba yetu ilivyo. Sisi ni watu wa mkate. Tanuri liko nyuma, duka liko mbele, sisi tunalala juu, hata mito yetu inanukia hamira. Tangu enzi za mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, mke wa mwana wa nyumba ndiye anayeuma mkate wa kwanza kila tanuri linapofunguliwa. Yeye asipokubali, mkate hautoki. Niliuma mimi, kisha akaja yeye akanipokea. Na kwetu dawa ya majonzi ni moja tu: mtu akilia, anakatiwa kipande cha katikati, kilaini, bado cha moto. Akizidi kulia, anakatiwa kingine. Mkamwana alikuwa akilia sana, kwa hiyo tulimkatia sana. Asije mtu akasema hatukumpenda.

Ajabu ni kwamba kadiri tulivyomhudumia ndivyo alivyozidi. Alikuwa anakaa juu ya gunia la unga, anakodolea ukuta, mpaka siku moja akamuuliza mume wake kama dunia ingepungukiwa na chochote yeye asingekuwepo. Sisi tukasema anadeka. Wifi yake akasema ni uvivu huo, haukujificha. Shangazi mtu akaja na lake, eti ni kiburi cha waliosoma. Mimi, mtu wa huruma, nikamkatia kipande kikubwa kuliko vyote, nikampelekea kitandani, nikasimama hapo hapo mpaka akakimaliza.

Sasa sikiliza hasara ulizotutia.

1. Anacheka. Tena asubuhi, kabla ya chai. Mara ya kwanza tulidhani amepaliwa, mwanangu akakimbia kumpiga mgongoni. Nyumba iliyokuwa imetulia, mtu anatembea kwa kunyata, leo ina kicheko kinachosikika mpaka dukani. Wateja wanauliza kuna sherehe gani. Niwajibu nini?

2. Haonji tena. Kazi hiyo amepewa mwanangu, naye ni mtu asiyejua kukataa. Kila mkate kwake ni mtamu. Majuzi tumetoa mikate ya tanuri zima haina chumvi hata chembe, na yeye alikuwa ameuma, akatabasamu, akasema safi. Wateja wamenirudishia mikate mbele ya wateja wengine. Lo, aibu niliyoipata siku hiyo sitaki hata kuieleza.

3. Vyombo. Ulimwambia kwamba hata chembe ya mkate ina madhara. Basi ana sufuria yake, kibao chake, kisu chake, na rafu yake ya juu kabisa ambako makombo hayapandi. Kibao changu nilichokuja nacho nikiwa bi harusi kinatazamwa kama kimeua mtu. Nikitia mwiko wangu kwenye sufuria yake, mwanangu anaruka. Ndiyo, yule yule asiyejua kukataa. Kwenye mwiko anajua.

4. Saa. Hukujua, na mimi sikukwambia, kwamba kabla ya kuolewa mkamwana alikuwa fundi saa. Tulidhani ufundi umeshamtoka, maana alifika mahali anashindwa hata kukumbuka alichofuata chumbani. Sasa ameweka meza barazani, amevaa kile kioo cha jicho moja, mikono imetulia tuli. Amezitengeneza saa zote za nyumba. Hata ile ya ukutani, iliyokuwa inakwenda mbele na kunisaidia kumwambia kila siku kwamba amechelewa kuamka. Sasa inasema ukweli, na mimi nimebaki sina la kuanzia asubuhi.

5. Anakumbuka. Hili limeniuma kuliko la saa. Ukungu umemtoka kichwani, na kumbe nyuma ya ukungu alikuwa anasikia kila kitu. Hagombi, laiti angegomba! Anakuambia kwa upole kabisa, huku anakunja nguo, kwamba siku fulani wifi yake alimwita gunia tupu, na kwamba mimi nilikuwepo nikacheka. Binti yangu aliondoka mezani chakula hajakigusa. Nilikuwa nategemea sana ule ukungu, Daktari, sikujua tu kwamba nautegemea. Siku hizi napima maneno kabla ya kuyatoa, kazi ambayo katika umri wangu inachosha.

6. Majirani. Habari zimeenea, na kila mtu ana gluteni. Fundi cherehani wa jirani amemshonea mtu suruali, mguu mmoja mrefu, mwingine mfupi, na alipoulizwa akasema ni ngano ya duka langu. Bwana mmoja aliyemtukana mkewe alikuja kunidai cheti kwamba alikuwa amekula skonzi zangu. Najua wewe ulisema wazi kwamba si kila mwenye huzuni ana ugonjwa wa ngano, na kwamba mtu asijipe ugonjwa mwenyewe bila kupimwa. Ulisema, lakini ulisemea ndani, mlango umefungwa. Ungetoka ukatangaze sokoni.

7. Wanahama. Nimeliandika hili mara kadhaa nikalifuta. Mwanangu na mkewe wamepata vyumba viwili upande wa pili wa soko, mwisho wa mwezi wanatoka. Sababu waliyonipa ni vumbi la unga, maana kwetu liko hewani, liko kwenye shuka, liko kwenye nyusi za watu. Nikawaambia vumbi la unga halijawahi kumfukuza mtu. Mkamwana akanijibu, taratibu, kwamba hakimbii vumbi peke yake. Mwanangu akatazama viatu vyake. Naumia, Daktari, nisikufiche. Nimemzaa, nimemlea kwenye joto la tanuri hili, na sasa nitabaki na binti yangu, ambaye kuamka kwake ni mpaka jua limtie moto miguu.

8. Hatia. Kama haikuwa uvivu, wala kudeka, wala kiburi, basi ilikuwa ni nini, na nani alikuwa anamlisha? Unaona ulipotuweka? Kabla yako, nyumba nzima ilijua mwenye kosa ni nani, na mwenyewe alikubali. Alikuwa anatuomba radhi kwa kulia! Leo kosa linazunguka nyumbani halina mwenyewe, na kila nikikaa naona linavuta kiti linakaa karibu yangu. Huo si utabibu.

Kwa hayo yote, naomba kwa unyenyekevu ufanye mojawapo ya haya. Utoe cheti chenye muhuri, kisemacho kwamba huzuni ya mkamwana ilikuwa tabia yake mwenyewe na mkate wetu hauna hatia. Nitakitundika dukani, juu ya mizani. Ikishindikana, umwandikie ngano kidogo, kipande asubuhi na kipande jioni. Sisi si wanyama, hatutaki alie kama zamani. Tunataka achoke kiasi tu, kiasi cha kutoweza kubeba godoro kuvuka soko. Na kama hilo nalo linagongana na kiapo chako, basi tuandikie sisi dawa ya kumfanya mtu asahau, tuigawane mimi na binti yangu, kumbukumbu abaki nazo yeye peke yake.

Nakuomba unisalimie muuguzi wako mwenye sauti ya kukoroma, bawabu wa ngazini, na wagonjwa wote waliosogea kwenye benchi lile nipate kukaa. Wakipona, wasisite kupita dukani. Wenye ruhusa ya kula mkate, namaanisha.

Ni mimi, niliyeonewa na afya ya mwenzangu,

Mama Mkwe,
Duka la Mikate, mkabala na kinyozi.

Tanbihi: Nilimwomba mkamwana anitafutie bahasha, akauliza kama anaweza kuisoma barua kwanza. Nikakosa pa kukatalia. Akasoma yote, akacheka mahali ambapo mimi sikuona cha kuchekesha. Halafu akaiweka mezani, akaniuliza mbona kila alfajiri nikiwa peke yangu mbele ya tanuri huwa nalia. Nikamwambia ni moshi. Akanikumbusha kwamba tanuri letu ni la umeme.

Daktari, nimelia hivyo tangu nilipoletwa nyumba hii nikiwa msichana. Sikumwambia mtu, kwa sababu mama mkwe wangu naye alikuwa analia, nikadhani ndivyo wanawake wa hapa tulivyo. Na tumbo hunijaa, na kichwa huwa kizito mpaka nikasahau majina ya watoto wangu. Huenda ni ngano, huenda ni huzuni tu ya kawaida yenye sababu zake. Nataka kujua ni ipi. Mkamwana ameahirisha kuhama mpaka anilete kwako. Anasema nisiache ngano kabla sijapimwa damu, kipimo kisije kikatoa jibu la uongo. Basi naendelea kula. Leo nimekula, na leo nimelia. Cheti sikitaki tena. Nipangie siku, tafadhali, na iwe ya karibu.