Umeme wa Mtambo Namba Saba Uletwe Kwangu

Bi. Roswitha Kempf,
Gerbergasse 14, ghorofa ya pili,
juu ya duka la mikate.

Kwa Mkuu wa Huduma kwa Wateja wa Majumbani na wa Biashara,
Shirika la Umeme la Manispaa.

YAH: UMEME WA MWANANGU KUPELEKWA KWA WATU WENGINE

Ndugu Mkuu,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na mama yako pia kama yupo. Mimi sijambo, ila nimeudhika. Shule niliishia darasa la tisa nikaingia kiwanda cha soksi, kwa hiyo utanisamehe pale nitakapoandika kama ninavyosema.

Kwanza ujue nani anakuandikia. Mimi ni mama yake Svenja Kempf, fundi wenu wa mitambo ya upepo kule kilimani Eichelberg. Labda umemwona: mwenye nywele fupi, anayepanda mita mia na thelathini kwa ngazi siku lifti imeharibika, na akifika juu hahemi. Katika darasa lao la ufundi walikuwa wavulana kumi na tisa na yeye. Aliyeongoza mtihani wa mwisho hakuwa mvulana. Mitambo iko kumi na mmoja, kila fundi ana wake wa kuutunza, na wa Svenja ni namba saba. Dirisha langu la jikoni linautazama moja kwa moja. Malalamiko yangu ni haya.

1. Mlitutumia fomu ya nishati safi tuchague wenyewe: umeme wa jua, wa maji, wa upepo, au mchanganyiko kwa wasiojua wanachotaka. Nikatia alama kwenye upepo, na pembeni nikaandika kwa wino, herufi kubwa: NAMBA SABA. Mkanijibu kwa barua nzuri yenye picha ya majani, mkaniita mteja mpendwa wa upepo. La namba saba hamkuligusa. Nikapiga simu. Kijana wenu Bwana Aydin, mwenye adabu sana, akanieleza: "Bibi Kempf, umeme wote unaingia kwenye nyaya zilezile, kama maji kwenye birika moja. Hatuwezi kujua tone lipi limetoka wapi." Nikamwambia, mwanangu, hata birika lina mdomo, uelekezeni kwangu. Akauliza kama kuna jambo jingine angeweza kunisaidia.

2. Mtambo namba saba ukisimama, taa zangu zinaendelea kuwaka. Hili linanichoma kuliko yote. Ule unakuwa umeme wa nani? Mimi sikuuomba. Ni jasho la mtoto wa mama mwingine, na mama huyo hajui kwamba nachemshia kahawa. Kwa hiyo nimejiwekea utaratibu. Nachukua darubini ya marehemu mume wangu, aliyokuwa akitazamia ndege, naelekeza kilimani. Mapanga yakizunguka, nafua, napiga pasi, naoka. Yakisimama, nazima kila kitu nakula mkate na jibini. Na pazia navuta, maana ni aibu jirani kuona mtambo wa mtoto wangu umelala na ya wenzake inachapa kazi. Mwezi uliopita peke yake umesimama siku nne, asubuhi hadi mchana, upepo ukiwepo na mitambo mingine kumi ikizunguka. Nani aliuzima, na alimwomba nani ruhusa?

3. Jumapili ya tarehe kumi na nne Svenja alikuja kunywa kahawa kwangu, mara ya kwanza baada ya wiki sita. Plamu zilikuwa zimeshakatwa, donge la keki limeshaumuka. Siku hiyo hapakuwa na upepo hata wa kutikisa jani. Nikasubiri. Donge likasubiri, likachoka, likashuka. Ilipofika saa tisa Svenja akateremka duka la mikate la chini, kwa Bwana Lohbeck, akarudi na keki ya kununua, akaniwekea kipande. "Kula tu, Mama," akasema. "Hata hii imeokwa kwa upepo." Mtoto wangu alikula keki ya dukani mezani kwangu, Ndugu Mkuu, na mimi nikamwangalia.

4. Huyo Bwana Lohbeck ni mteja wenu wa biashara. Naye amechagua upepo, na mmempa stika ya mlangoni: "Hapa tunaoka kwa upepo wa Eichelberg." Ndiye huyuhuyu aliyeniambia mbele ya foleni nzima, Svenja alipoanza kazi: "Bibi Kempf, huyo msichana wako atapanda mara moja tu. Mara ya pili utamkuta kwenye kaunta yangu, anauza maandazi." Watu wakacheka. Nilichukua mkate wangu nikatoka. Sikumjibu, kwa sababu mkate wake ni mzuri na sina duka jingine karibu. Leo oveni zake tatu zinawaka tangu alfajiri kwa kazi ya msichana huyohuyo. Anapata upepo wa kwanza, mimi napata uliobaki.

5. Mtambo namba nane umesimikwa mbele ya namba saba na unaukinga upepo. Nimeupima kwa darubini. Unatunzwa na kijana mmoja Torben kutoka Kassel. Nasikia ni kijana mzuri, lakini mama yake si mteja wenu.

Kwa hayo yote naomba, bila ugomvi:

Kwanza, nipewe waya wangu kutoka namba saba hadi jikoni. Unaweza kupita juu ya kanisa. Nilimuuliza mchungaji, akasema hajawahi kuulizwa swali kama hilo, nami nimelichukua kuwa ni kukubali.

Pili, Bwana Lohbeck ahamishiwe umeme wa jua. Yeye huoka kabla jua halijachomoza, na kusubiri kutamfunza subira.

Tatu, namba nane usogezwe kama mita mia mbili. Torben anaweza kusogea nao.

Nne, na hili ndilo lenyewe, maana hayo mengine mkikataa nitaishi. Jumamosi tarehe ishirini na saba Svenja anatimiza miaka ishirini na mitano, na atakuja jioni. Safari hii keki itatoka oveni yangu, na itaokwa kwa umeme wake mwenyewe. Naomba mtambo namba saba uzunguke siku hiyo kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa sita mchana, liwalo na liwe. Upepo ukigoma, tafuteni njia. Ninyi ndio wataalamu.

Nisalimie Bwana Aydin, wasoma mita wote, na yule mama wa mapokezi mwenye kikohozi, anywe chai ya tangawizi. Mama yako usimsahau.

Wako katika upepo,

Roswitha Kempf
(mama yake Svenja)

Nyongeza: Nilikuwa nimeshalamba bahasha Svenja akapiga simu. Nikaichana, nikamsomea barua yote kwa fahari. Alicheka mpaka nilipofika kwenye ombi la nne, hapo akanikatiza. "Mama," akasema, "ukiuona namba saba umesimama na mingine inazunguka, ujue mimi nimo ndani. Hatupandi mpaka uzimwe." Zile siku nne alikuwa yeye. Hakutaka kuniambia siku anazopanda, nisije nikakaa dirishani natetemeka. Nami nilikuwa hapohapo dirishani, nanung'unika, halafu nikavuta pazia.

Jumamosi hiyo atakuwa kule juu tangu saa mbili hadi saa saba, anabadilisha beringi. Kwa hiyo ombi la nne lifute. Nimeyaandika haya juu ya bahasha pia, ili uyasome kwanza. Mtambo namba saba usizunguke hata inchi moja, hata akiomba nani. Waya siutaki tena. Namba nane ubaki ulipo, na Bwana Lohbeck abaki na stika yake. Keki nitaioka kwa umeme wowote mtakaonipa, hata wa makaa ya mawe.

Pazia litakuwa wazi tangu asubuhi. Mkiona mtu ghorofa ya pili anapunga kitambaa cha vyombo kuelekea kilimani, msimpigie polisi, ni mimi.