Siku Hotipoti Ilipofunikwa Makandana

Jongeeni, enyi mlioshiba na enyi mnaosubiri kupakuliwa, zimeni simu zenu au walau zipunguzeni sauti, mpate kusikia habari za vita vilivyopiganwa Makandana, mjini Tukuyu, Jumamosi moja ya mvua, saa nane mchana, juu ya meza yenye kitambaa cha kufumwa. Vita ambavyo havikumwaga damu bali mchuzi, na silaha yake kuu ilikuwa mfuniko wa plastiki wenye maua mekundu. Wapo wanaojisifu kwamba walipanda Mlima Rungwe hadi kileleni. Mlima Rungwe hauji mlangoni kwako ukiwa umeshika kijiko. Mama Mkubwa Loyce huja.

Shujaa wa habari hii ni Shangazi Tulinagwe, mwalimu wa hisabati, Tishio la Darasa la Saba, Mlinzi wa Jedwali la Kuzidisha, ambaye zamani alikuwa mnene wa kuheshimika, hata benchi la kanisani lilimpokea kwa mlio wake maalumu. Miaka mitatu iliyopita alitoweka miezi miwili, akisema ameitwa kozi Dodoma. Aliporudi akaanza kuisha taratibu kama sabuni iliyosahauliwa kwenye beseni. Rahma, fundi cherehani wa nyumba ya pili, alilipunguza gauni lile lile mara tatu na hakuuliza neno, jambo ambalo mtaani kwetu ni muujiza.

Wengine waliuliza. Na hapo shujaa wetu, kwa woga ambao mwandishi mkweli hawezi kuuficha, akatamka uongo mkubwa kuliko yote uliopata kutamkwa wilayani: "Ni maji ya moto, limau na tangawizi. Asubuhi kabla ya kula."

Kozi haikuwapo. Alikwenda Dar es Salaam akapunguzwa tumbo kwa upasuaji, akabakiwa na kifuko cha kuingiza chakula cha mtoto anayejifunza kula. Lakini wanawake wa ukoo, kuanzia Makandana hadi Kyimo, waliliamini limau kama walivyoaminishwa, wakalinywa mwaka mzima. Jemadari wao alikuwa Mama Mkubwa Loyce wa Kyimo, mke wa kaka yake shangazi, aliyeamka kila siku saa kumi na moja alfajiri na kumeza glasi mbili huku amefumba macho. Alivuna kiungulia na meno ya ganzi. Kilo zake hazikumwacha hata moja. Zilikuwa zimeshazoea mazingira.

Mwaka huu, shangazi alipokuwa akioga, mkono wake ulikuta uvimbe kwenye titi la kushoto. Ikathibitika kuwa ni saratani. Akafanyiwa upasuaji Mbeya, kisha akaanza dripu za dawa, moja kila wiki tatu. Daktari wake aliitwa Belinda, mwanamke mfupi asiyepoteza maneno, na kati ya watu wote waliomzunguka shangazi, huyo peke yake ndiye aliyekuwa ameambiwa habari za tumbo.

"Kifuko chako ni kidogo, mwalimu," alimwambia. "Kwa hiyo la kwanza kuingia liwe yai, samaki au maharage, ndipo mengine. Kidogo kidogo, mara sita kwa siku. Chai yenye sukari nyingi acha, ndiyo inayokutoa jasho na kukuendesha moyo mbio. Dripu hii naipima kwa mwili wako, na mwili unashuka. Leo una kilo hamsini na sita. Ukija chini ya hamsini na tano, naiahirisha, na hii si dawa ya kuahirisha."

Maneno mepesi hayo, kwa mtu asiye na ndugu. Kwetu mgonjwa haendewi mikono mitupu. Huendewa na chakula, na waliokileta huketi wakamtazama akikila mpaka sahani ing'ae, kwa maana anayekula anapona, na asiyekula ama ana maringo ama amekata tamaa, na yote mawili yatasimuliwa msibani. Basi kwa wiki mbili shangazi alikula ndizi za heshima, akatabasamu, akaenda nyuma ya nyumba, akazitapika zote pamoja na yai la asubuhi. Wageni walimsikia. Wakasema dawa ni kali, wakaongeza ndizi.

Jumamosi ile asubuhi alijipima kwenye mzani wa duka la dawa. Hamsini na nne na gramu mia tisa. Miadi ya Mbeya ilikuwa Jumatatu. Akarudi, na ilipokaribia saa nane mchana akachemsha yai, akalimenya, akaliweka kwenye kisosi. Rahma alikuwepo, amelileta lile gauni kulipunguza mara ya nne, pini zimemjaa mdomoni. Yai lilikuwa halijaguswa hodi ilipobishwa.

Akaingia Mama Mkubwa Loyce, Mpakuzi Asiyezuilika, mwavuli kwapani na hotipoti kifuani. Nyuma yake mumewe, Baba Mkubwa Ackson, kaka yake shangazi, bwana shamba mstaafu, mwenye majibu ya maswali ambayo hakuna aliyeyauliza.

"Ndaga, karibuni," shangazi akawasalimu kwa Kinyakyusa.

"Tumekuja kukuona, wifi, wakati bado unaonekana," akajibu Loyce. "Siku hizi ukigeuka ubavu tutakutafuta."

Akafungua hotipoti. Mvuke ukapaa hadi darini, na humo ndani zikajitokeza ndizi, mbalaga halisi za nyama na maziwa, jeshi lililolala kwa safu. Akapakua kijiko cha kwanza, cha pili, cha tatu. Alipofika cha saba sahani ilikuwa na umbo la mlima, tena wenye mawingu.

"Hiki cha mgonjwa," akasema. "Cha wazima nitapakua baadaye."

"Kuna yai, wifi."

"Yai ni la kuku. Wewe ni mtu mzima, kula chakula."

Baba Mkubwa Ackson akasafisha koo, na wote waliokuwepo wakajua kwamba hotuba haizuiliki tena. "Dada yangu, miaka thelathini nimewahudumia wakulima wa wilaya hii, na nitakwambia jambo moja. Mwili ni mgomba. Mgomba usiopewa samadi hauzai, unalala chini, watu wanaukata. Hii hapa mbele yako ni samadi."

"Asante kwa kukitukana chakula changu," akasema mkewe.

"Mimi si mgomba, kaka."

"Ndicho kinachonisikitisha. Mgomba haubishani."

Kijiko kikapaa. Kilikuwa mkononi mwa Loyce, kimejaa, kinadondosha mchuzi, na kilielekea mdomo wa shangazi kwa uhakika wa kitu kilichokwisha kushinda vita vingi. Shangazi akalitazama yai. Akamtazama wifi yake, ambaye kabla ya ugonjwa walisuka pamoja, walilia pamoja na walisengenya pamoja, na ambaye angempoteza kwa sentensi moja. Kijiko kikafika kidevuni.

Hapo ndipo, enyi wasikilizaji, Tulinagwe alipoinua mkono wa kulia, akaushika mfuniko wenye maua mekundu, akauweka juu ya hotipoti na kuuzungusha mpaka ukalia: tak.

Wazee hawakumbuki mgonjwa aliyewahi kuifunika hotipoti ya mgeni. Vijana pia hawakumbuki. Hata mvua ilipunguza sauti.

"Wifi," akasema, "nilikudanganya. Sikwenda Dodoma. Nilikwenda Dar nikapunguzwa tumbo. Ndizi zako zikiingia, yai halipati pa kukaa, kisha vyote vinatoka. Jumatatu nikiwa chini ya kilo hamsini na tano sipewi dripu. Leo asubuhi nilikuwa nimeshafika chini yake."

Loyce aliteremsha kijiko polepole. "Limau," akasema.

"Hapana."

"Mwaka mzima, Tulinagwe."

"Mwaka mzima, wifi."

"Na tangawizi?"

"Na tangawizi."

"Mimi niliongeza na kitunguu saumu."

"Hicho sikukwambia."

Rahma akatoa pini mdomoni. "Mimi nilijua tangu nilipolipunguza gauni mara ya kwanza. Limau haliachi makovu matano tumboni."

Baba Mkubwa Ackson hakuweza kuvumilia zaidi. "Basi ndicho kilicholeta saratani. Ukichokoza tumbo, ugonjwa unapanda juu kutafuta pa kukaa." Ndivyo alivyosema, na ndivyo mwili wa binadamu ulivyopangwa kwa mujibu wa idara ya kilimo.

"Swali hilo nilimuuliza daktari nikilia, kaka," shangazi akasema. "Akaniambia siyo. Watafiti wameona kwamba wanawake waliopunguzwa tumbo wanapata saratani hii kwa uchache kuliko wanene wenzao wasiopunguzwa. Uchache si sifuri. Nimefundisha hisabati miaka kumi na tisa, tofauti naijua."

Loyce hakungoja majibu zaidi. Akaikumbatia hotipoti, akachukua mwavuli, akatokomea mvuani bila kuaga. Mumewe akamfuata, akiisindikiza kwa macho mbalaga ambayo hakuionja.

Shangazi akakata yai kwa upande wa kijiko. Akala nusu. Akangoja kwa saa ya ukutani, Rahma akimshonea pembeni. Akala nusu ya pili. Robo saa ikapita, nusu saa ikapita, na yai, kwa ujasiri usioimbwa vya kutosha katika nchi hii, likabaki lilipo. Hapo akalia, na si kwa sababu ya yai.

Jumapili alikula mara sita. Mtu wa Kyimo hakutokea, na simu ya Kyimo haikupokelewa.

Jumatatu, saa kumi na mbili asubuhi, alipofungua mlango aende Mbeya, alimkuta Loyce amesimama kibarazani chini ya mwavuli, na mkononi ana kitambaa kidogo kilichofungwa fundo. Akakifungua. Mayai mawili ya kuchemsha, bado ya moto.

"Hayana limau wala tangawizi," akasema.

"Wifi..."

"Kula, muongo wewe. Mimi ndiye nitakayeingia nawe kwa daktari. Nataka nimuulize kuhusu kitunguu saumu."

Mchana wa siku hiyo, kwenye mzani uliochakaa rangi, mbele ya muuguzi aliyekuwa akipiga miayo, shujaa alipanda. Mshale wa mzani ukayumba, ukafikiri, ukatulia: hamsini na tano na gramu mia mbili. Muuguzi aliandika namba ile kana kwamba ni namba ya kawaida, na dripu ikatundikwa.

Basi iandikwe, na itajwe palipo na watoto wa shule na watu wazima wenye akili zaidi yao, kwamba Tulinagwe wa Makandana aliwashinda mbalaga, samadi na aibu kwa mzunguko mmoja wa mkono, akapata ushindi wa gramu mia mbili kamili. Mfuniko wenyewe uko kabatini Kyimo. Una ufa mdogo ukingoni, na hauna kibao cha kuueleza, kwa kuwa wilaya yetu haijawahi kujua kutunza historia.